Michezo ya video: masaa hayaelezi mchezaji anasikia nini

Tangu mwezi wa tisa 2021, mtoto wa China asiyefikisha miaka 18 anaruhusiwa kucheza michezo ya video ya intaneti saa moja tu, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu ya usiku, siku ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Serikali ilichukua saa kuwa kipimo cha hatari. Je, saa inapima kweli kile tunachoogopa?

Kwa miaka mingi wachunguzi walimuuliza mchezaji mwenyewe: unacheza masaa ngapi kwa juma? Kipimo hicho ni dhaifu, maana aliyezama katika mchezo ndiye asiyetazama saa. Mwaka wa 2020, wachunguzi wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, walipata masaa halisi ya kucheza kutoka kampuni Nintendo na Electronic Arts, kisha wakauliza wachezaji 3.274 namna walivyojisikia. Mwaka wa 2022 walirudia kazi hiyo na wachezaji 38.935 wa michezo saba. Masaa yalipoongezeka ao kupunguka, hali ya moyo ya wachezaji karibu haikugeuka. Kilichokuwa na uzito zaidi ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda alijisikia vizuri kuliko anayejiona kama analazimishwa.

Sababu hiyo mashine haiwezi kuihesabu; lazima kuuliza. Tangu 2006, Richard Ryan na wenzake wanatumia maulizo juu ya mambo matatu: mchezaji anajiona anaweza, anajichagulia mwenyewe, na anaungana na wengine? Si kila orodha ya maulizo ni ya kutegemea. Moja iliyotumiwa sana ulimwenguni ilichunguzwa mwaka wa 2018, na majibu yake hayakujipanga kama wenye kuitunga walivyosema.

Hata shirika la afya ulimwenguni, OMS, lililoweka uraibu wa michezo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022, halikutaja idadi ya masaa. Linatazama kama mtu ameshindwa kujizuia, ameacha mambo mengine, na anaendelea hata akiona hasara.

Tuseme pia upande wa pili: waliojibu Oxford walijitolea wenyewe, na anayeteseka zaidi pengine hakujibu. Tena, masaa halisi yako mikononi mwa kampuni zenye kuuza michezo. Zikikataa kuyatoa, wachunguzi watarudi kumuuliza mchezaji alicheza masaa ngapi.