Spika ya zamani ipimwe kwanza, bei ije baadaye

Bunia – Katika kartiye Nyakasanza kuna mazoea mabaya ambayo watu wanayazungumza pembeni lakini hakuna anayeyapinga wazi. Mtu akileta spika ya zamani ya ampli ya gitaa, mnunuzi huitazama mara moja, hutikisa kichwa, kisha husema: hii imekufa, labda tuihesabu kwa kilo kama vyuma. Siku chache baadaye spika ileile inapelekwa kwa korali au kwa vijana wa orkestra, na maneno yamegeuka: hii ni orijino, ya kale ni dhahabu, siku hizi haipatikani tena. Spika haikubadilika. Aliyebadilika ni anayeuza.

Wanaoumia ni wawili. Wa kwanza ni familia iliyokimbia Djugu au Irumu, ambayo katika kila kitu cha nyumbani iliweza kubeba bafle moja tu. Kwa familia ya namna hiyo, iwe inakaa Kigonze au imepokelewa na ndugu hapa mjini, spika ni unga wa wiki, ni dawa ya mtoto, ni minervali. Wa pili ni korali iliyochanga franka kwa franka, na mwishowe inanunua kitu kinachokwaruza Jumapili ya kwanza. Mmoja anaambiwa mali yake ni takataka, mwingine anauziwa takataka kwa jina la mali. Katikati yao mtu mmoja anacheka.

Watakaosema kwamba hiyo ndiyo biashara wanakosea. Biashara ni kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa huku kila mtu anajua kinachouzwa. Kumwambia mama aliyekimbia vita kwamba spika imekufa bila hata kuigusa kwa mita ni kumla mtu kwa kutojua kwake. Na dawa yake si ngumu: spika yoyote inaweza kujulikana kwa dakika kumi, mbele ya mwenyewe.

Kwanza yasomwe maandishi. Karatasi ya rangi iliyobandikwa nyuma isiaminiwe peke yake, kwani karatasi inaweza kuchapwa leo asubuhi. Itazamwe namba iliyogongwa kwenye ukingo wa chuma. Kwa spika nyingi za Marekani, namba tatu za kwanza zinataja kiwanda: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS. Zinazofuata zinataja mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Ni kusema 220632 ni Jensen ya wiki ya 32, mwaka unaoishia na 6: inaweza kuwa 1956, inaweza kuwa 1966. Herufi nazo zinasema kitu. Jensen yenye P mbele, kama P12N, ina sumaku ya alnico. Yenye C, kama C12N, ina sumaku ya seramiki. Hiyo 12 ni upana kwa inchi. Celestion ya Uingereza iliandika mji wake: za awali zina Thames Ditton, za baadaye zina Ipswich. Lakini namba ya chuma inataja umri wa chuma tu. Kama karatasi ya spika na bobini yake vimekwisha kubadilishwa, mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Pili itazamwe sumaku. Ya seramiki ni duara pana, bapa, jeusi. Ya alnico kwa kawaida ni ndogo na ndefu zaidi, na mara nyingi imefunikwa kwa kofia ya chuma. Hapa wakaaji wa Ituri wana sababu ya pekee ya kusikiliza. Alnico ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka nchi hii, kule Katanga. Viwanda kadhaa vya spika viliacha alnico tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya gharama. Halafu, mwezi wa Mei 1978, vita viliingia Kolwezi, bei ya kobalti ikapanda vikali duniani, na vingi vilivyobaki vikahamia seramiki. Vita vya Kongo vilichangia kuifanya sumaku hiyo iwe adimu. Leo mtu aliyefukuzwa na vita vingine vya Kongo anaambiwa kwamba sumaku hiyohiyo ni chuma cha kilo. Anayesema hivyo ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Tatu, ipimwe. Spika ifunguliwe nyaya, mita iwekwe kwenye omu. Spika ya omu 8 huonyesha kati ya 6 na 7 hivi. Ya omu 16 huonyesha karibu 12 au 13. Ya omu 4 huonyesha kidogo zaidi ya 3. Fundi asiseme kwamba imeharibika kwa sababu mita haikufika 8, kwani mita inapima waya tu, na waya daima huonyesha chini ya namba iliyoandikwa. Kama mita haionyeshi kitu, bado isihukumiwe. Pengine bobini imekatika, lakini pengine ni uzi mfupi tu unaotoka kwenye karatasi kwenda kwenye pini, na huo unalehemiwa kwa dakika tano. Tofauti kati ya hayo mawili ni pesa nyingi, na ndiyo nafasi ambapo mwongo hula.

Kisha karatasi isukumwe polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, bobini inagusa sumaku, na spika hiyo ina ugonjwa. Ikienda laini, batri ndogo ya volti 1.5 iguswe mara moja kwenye pini zake: karatasi iruke. Kwa spika nyingi, upande wa plasi wa batri ukiguswa kwenye pini nyekundu, karatasi huruka kwenda mbele. JBL nyingi za zamani hufanya kinyume, na hilo si kasoro. Mwisho ipigwe gitaa yenyewe, kwanza kwa sauti ndogo, halafu ya kati.

Na hawa wanaoimba kila siku kwamba ya zamani ndiyo bora, nao waambiwe ukweli. Spika ya buluu ya Celestion iliyowekwa katika ampli za Vox AC30 ilihesabiwa kwa wati 15. Ile iliyokuja kujulikana kwa kifuniko chake cha kijani ni wati 25. Anayeiuzia korali spika ya namna hiyo ili ifungwe kwenye ampli ya wati 200 anauza moshi. Tena spika ya gitaa haikutengenezwa kwa sauti ya mhubiri wala kwa kinanda. Inakata sauti za juu kabisa, na hiyo ndiyo sababu gitaa husikika tamu ndani yake. Kuiweka kwenye maikrofoni ya kanisa ni kuharibu vyote viwili. Na omu zifuatwe: ampli ya transista ikipewa omu chache kuliko inazotaka hupata moto, na ampli ya lampu ikiwashwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake.

Wapo watakaojibu kwamba mtu mwenye njaa hana muda wa kuhesabu omu. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hiyo si yake. Ni ya fundi na ya mnunuzi. Wengine watasema fundi mzee anajua kwa macho. Anayejua kwa macho hataogopa mita, maana mita itamthibitisha. Na mfanyabiashara mwaminifu hapotezi kitu hapa, kwani spika iliyopimwa huuzwa bila ugomvi na mnunuzi harudi na matusi.

Kwa hiyo mambo matatu yafanyike Nyakasanza, na hakuna hata moja linalongojea feza ya mashirika. Mafundi wa kartiye wakubaliane kwamba hakuna spika inayotajwa bei kabla ya kupimwa mbele ya mwenyewe, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi: namba ya kiwanda, omu, aina ya sumaku, kama imetengenezwa upya au hapana. Kamati za korali zisitoe hata franka moja bila karatasi hiyo. Na katika kambi, kamati za wakimbizi wa ndani zimtafute kijana mmoja mwenye mita anayeweza kupima kabla mama yeyote hajaenda sokoni na bafle kichwani.

Kinachodaiwa hapa si huruma. Aliyepoteza shamba, nyumba na ng'ombe amebaki na haki ya kujua alichobeba ni nini. Akishajua, akitaka auze, akitaka aweke mpaka siku atakaporudi kwao kupiga gitaa tena. Lakini yule atakayekataa kupima mbele ya watu, wakaaji wa Nyakasanza wamwache na vyuma vyake.