Simu Yako, Kitufe cha Bosi

Novemba 2025 Google ilieleza kwamba waajiri wataweza kuhifadhi kumbukumbu za ujumbe wa RCS (mrithi wa SMS) kwenye simu za Android zinazosimamiwa na kampuni, kuanzia na zile za Pixel. Mitandao ikawaka. Vichwa vya habari vikadai kwamba bosi sasa anasoma meseji zako zote, na watu wakasambaziana picha za skrini za kutahadharishana. Wachache waliojaribu kufafanua kwamba mpango huo unahusu simu zilizo chini ya usimamizi kamili wa kampuni, tena zenye taarifa ya kumjulisha mtumiaji, hawakupata wa kuwasikiliza.

Kelele hizo zilielekezwa pasipo. Simu iliyonunuliwa na kampuni na kukabidhiwa mfanyakazi kwa saini ni mali ya kampuni, na mwenye akili haweki siri zake humo. Uamuzi unaostahili kupigiwa kelele ni mwingine, nao unapita kimyakimya katika ofisi nyingi kwa njia ya waraka wa aya mbili: mfanyakazi asajili simu yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mshahara wake, kwenye programu ya usimamizi ya kampuni, la sivyo barua pepe ya kazi itakatwa kufikia Ijumaa. Uamuzi huo ni mbaya. Na ubaya wake hauko sana kwenye kuchunguliwa meseji. Uko kwenye kitufe cha kufuta.

Kwanza, tusidanganyane kuhusu programu zenyewe. Intune ya Microsoft, Workspace ONE, MobileIron ambayo siku hizi iko chini ya Ivanti, zote hufanya kazi ya namna moja: simu hukubali kupokea amri kutoka kwenye seva ya mwajiri. Uwezo huu si mgeni. Microsoft iliwapa wasimamizi wa Exchange, mfumo wake wa barua pepe, amri ya kufuta simu kwa mbali tangu mwaka 2005. Android ikafungua mlango huo kwa toleo la 2.2 mwaka 2010, na mwaka huohuo iPhone ikapata mfumo kamili wa usimamizi wa vifaa kwa iOS 4. Katika usajili wa kawaida wa iPhone nzima, mwajiri huona aina ya simu, namba ya utambulisho wake, toleo la mfumo na orodha ya programu zilizomo. Haoni picha zako, hasomi WhatsApp yako, wala hasikilizi simu zako. Orodha ya programu pekee inatosha kumkera mtu, maana programu ya kufuatilia ujauzito, ya kamari au ya kutafuta kazi nyingine husema mengi bila kufunguliwa. Lakini kudai kwamba mtu wa TEHAMA ameketi anasoma mazungumzo yako na mkeo ni porojo, na porojo hizo zimewasaidia sana waajiri: hukanusha lisilokuwepo, kisha lililopo likapita.

Waajiri wana hoja zao. Simu hupotea kwenye daladala na matatu kila siku, na ndani yake mna taarifa za wateja. Sheria nayo haina masihara: nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea kiasi kipi ni kidogo, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kununulia kila mtu simu ni gharama. Haya yote ni kweli, ila hakuna hata moja kati yake linalohitaji mamlaka juu ya simu nzima ya mtu.

Sasa kitufe chenyewe. Anayewasha mamlaka ya msimamizi wa kifaa kwenye Android ya mtindo wa zamani huletewa ukurasa wenye orodha ya yale anayoyaruhusu: kuweka kanuni za nenosiri, kufunga skrini, kufuta data yote. Chini ya hilo la mwisho, Google yenyewe imeeleza kwa maandishi madogo kwamba data ya simu itafutwa bila onyo kwa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Bila onyo. Maneno hayo yamewekwa na watengenezaji wa mfumo, hakuna mwanaharakati aliyeyatia chumvi. Mfanyakazi mwenye kikao saa tatu asubuhi huyapita kwa kidole gumba na kubofya kuwasha.

Upande wa pili, kwenye ukurasa wa msimamizi wa Intune, amri ya kuondoa taarifa za kampuni pekee na amri ya kufuta kifaa kizima zimepangwa jirani kwenye mstari mmoja wa vitufe. Akibofya ya kwanza, huondoa barua pepe yako ya kazi. Akikosea akabofya ya pili, huondoa miaka yako. Simu za kisasa huhifadhi kila kitu kwa usimbaji, hivyo kufuta maana yake ni kuharibu ufunguo. Shughuli nzima haichukui muda, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Luthuli Avenue atakayekurudishia kitu baada ya hapo. Kwa iPhone yenye laini ya eSIM kuna jambo la kuudhi zaidi. Amri ya Apple ya kufuta ina kipengele cha kuinusuru laini hiyo, lakini ni lazima msimamizi akiombe. Asipokiomba, laini nayo huenda.

Mfikirie mtu wa kawaida wa Mwanza au Kisumu. Pesa zake za M-Pesa hazimo ndani ya simu, ziko kwenye akaunti ya laini, kwa hiyo hazipotei. Kinachopotea ni ushahidi. Meseji za miamala ndizo risiti zake: kodi ya nyumba aliyomlipa mwenye nyumba asiyeandika stakabadhi, mchango wa kikoba, karo ya muhula, deni alilomrudishia shemeji. Zinapotea picha za kiwanja na mipaka yake, sauti ya mzee aliyekwisha kutangulia, namba za wateja wa biashara yake ya jioni. Programu za benki zote zinahitaji kusajiliwa upya. Mtu wa ofisini atasema kila mtu ana nakala mtandaoni. Nani huyo? Google inatoa gigabaiti 15 za bure, na siku hizi nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zinahesabiwa humo. Apple inatoa 5. Anayenunua bando la siku hapakii video za harusi mtandaoni.

Haya si ya kufikirika. Februari 2013 mfanyakazi wa kampuni ya ujenzi wa nyumba jimboni Texas alitoa notisi ya kuacha kazi. Mwajiri alimwondoa papo hapo, na siku chache baadaye iPhone yake, mali yake binafsi aliyoiunganisha na barua pepe ya kazi kwa kuwa kampuni haikumpa simu, ikafutwa yote kwa mbali. Alidai amepoteza picha na video za familia, nywila, na anwani zaidi ya 600 za watu aliojuana nao katika maisha yake ya kazi. Akaenda mahakama ya shirikisho. Novemba 2014 madai yake chini ya sheria mbili za Marekani za mawasiliano na kompyuta yakatupwa: picha zilizokaa kwenye simu hazikuwa katika aina ya hifadhi inayolindwa na sheria ya kwanza, na hasara yake haikuwa ya aina inayotambuliwa na ya pili. Aliyepoteza alipoteza.

Hapo kuna mwajiri aliyebofya kwa kukusudia. Kuna pia asiyekusudia. Mei 2014, Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta kilituma kwa makosa amri ya kusakinisha Windows upya kwenye kompyuta zake, na kabla haijasimamishwa ilikuwa imekwisha kuifuta hata seva iliyoituma. Zile zilikuwa kompyuta za chuo, si simu za watu, lakini amri ya mbali ni amri ya mbali.

Halafu kuna wa tatu, naye ni mdukuzi. Agosti 2024 mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye mfumo wa Mobile Guardian, programu ya kusimamia vifaa vya wanafunzi. Nchini Singapore pekee, wanafunzi wapatao 13,000 wa shule 26 za sekondari walikuta iPad na Chromebook zao zimefutwa. Vifaa hivyo ni vya wanafunzi wenyewe, vimenunuliwa chini ya mpango wa serikali. Programu ya usimamizi waliwekewa kwa sababu za usalama. Wako waliopoteza madaftari yote ya masomo. Wizara ya Elimu ikaamuru programu hiyo iondolewe kwenye vifaa vyote. Mwaka mmoja kabla, Julai 2023, wadukuzi walitumia kasoro katika mfumo wa Ivanti kuingia kwenye jukwaa lililokuwa likitumiwa na wizara 12 za serikali ya Norway. Kasoro yenyewe ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Ikiwa Norway na Singapore zimeingiliwa, idara ya TEHAMA yenye watu wawili na nenosiri lililobandikwa chini ya kibodi isituambie mambo yake yako salama.

Hapa ndipo panapochosha. Suluhisho lipo, halina gharama kubwa, na limekuwepo miaka mingi. Android 5.0 ya mwaka 2014 ilileta wasifu wa kazini: sehemu iliyotengwa ndani ya simu, ambayo programu zake huonekana na alama ndogo ya mkoba. Mwajiri husimamia sehemu hiyo tu. Akifuta, anafuta hiyo, na upande wa pili haugusi wala haoni orodha ya programu zake. Apple ilileta usajili wa namna hiyo kwa iOS 13 mwaka 2019, ambapo msimamizi hawezi kabisa kuifuta simu nzima wala kuiona namba yake ya utambulisho. Intune nayo inaweza kulinda programu ya barua pepe peke yake bila simu kusajiliwa. Simu ikiibwa Manzese, barua za wateja zinafutwa na picha za mtoto zinabaki. Mwajiri anapata kila alichokuwa akikidai kwa jina la sheria.

Basi kwa nini waraka bado unadai simu nzima? Jibu mara nyingi linafedhehesha: aliyeusanidi mfumo aliacha mipangilio ilivyokuwa, au alinakili mwongozo wa simu za kampuni akaubandika kwa simu za watu. Uvivu huo umepewa muhuri wa usalama, na anayeuliza swali anaandikwa kuwa mkaidi.

Watetezi hukimbilia ridhaa: mfanyakazi alikubali. Alikubali nini, na kwa uhuru gani? Sheria ya Kenya inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu anayejua anachokubali, na katika kupima hiari inaangalia kama mkataba umefungamanishwa na data isiyohitajika. Ridhaa inayotolewa chini ya tishio la kukatiwa barua pepe ya kazi ni ya hiari kama mchango wa harusi ya bosi. Mbaya zaidi, ridhaa hiyohiyo ndiyo atakayoishika wakili wa kampuni siku ya kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inafanya kuharibu data kwa kukusudia na kinyume cha sheria kuwa kosa. Wakili atauliza kinyume cha sheria kiko wapi wakati mteja wake aliruhusiwa kwa kubofya.

Hata simu za mkopo zina staha zaidi. Wanaokopa kwa M-KOPA wanajua kwamba wakichelewesha malipo simu inafungwa, na wakilipa inafunguka. Mkopeshaji ana haki ya namna fulani, maana simu haijaisha kulipiwa. Hapa mtu amelipa hadi senti ya mwisho, ananunua bando mwenyewe, anachaji kwa umeme wa kwake, kisha kampuni isiyochangia chochote inapewa mamlaka makubwa kuliko ya mdai. California angalau ililitazama suala la fedha: mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kwamba mwajiri anayelazimisha simu binafsi itumike kwa kazi lazima amrudishie mfanyakazi sehemu inayostahili ya bili.

Kampuni inayotaka simu nzima inunue simu nzima. Isiyotaka kununua iridhike na wasifu wa kazini, na iandike kwenye sera yake kwamba amri ya kufuta kifaa haitatumika kamwe kwa simu ya mfanyakazi. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data jijini Nairobi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania zina mamlaka ya kuwaambia waajiri hivyo kwa maneno yasiyopindika, na zifanye hivyo.

Wewe uliyekwisha kubofya, fungua mipangilio leo. Kwenye Android tafuta programu za msimamizi wa kifaa chini ya usalama. Kwenye iPhone tazama sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa. Ukikuta programu ya ofisi ina ruhusa ya kufuta data yote, hifadhi kwanza vitu vyako mahali pengine, kisha mwandikie mkuu wa TEHAMA, nakala kwa rasilimali watu, uombe uhamishiwe kwenye wasifu wa kazini. Na jibu lake ulidai kwa maandishi.