Hela ya trekta, au hela ya palizi?

Wiki hizi simu za nyumbani zina ombi moja: "Mwanangu, vuli imekaribia, tuma hela ya trekta." Na sisi, tumechoka na shifti, tuko kwenye treni ya kurudi Blacktown, tunafungua simu tunatuma. Hatuulizi kitu. Mwaka jana baadhi yetu tulituma mapema kabisa, trekta ikaja mvua ishanyesha wiki mbili. Mahindi yenyewe tuliyaona kwenye picha, bora tusiyataje.

Sisi tunasema hivi: kabla ya kutuma, uliza kama shamba linahitaji kulimwa kweli.

Waliokuwa Sydney tarehe 23 Septemba 2009 bado wanasimulia jiji lilivyoamka jekundu kwa vumbi. Ule ulikuwa udongo wa bara, uliokauka kwa ukame na kubebwa na upepo. Udongo ulio wazi huondoka. Kwetu huondoka na maji ya mvua. Wakulima wengi wa ngano wa New South Wales siku hizi hawatifui ardhi. Wanaacha mabua shambani na kupanda katikati yake, unyevu ubaki chini. Karatu nako wapo wanaopasua mstari tu kwa ripa ya ng'ombe, na kupanda ngwara kati ya mahindi ili ifunike udongo.

Wa saiti tutaelewa haraka, maana tunashindilia udongo kila siku kabla ya zege. Plau ikipita kina kilekile kila mwaka, chini yake hutengeneza tabaka gumu namna hiyo. Maji hayashuki, mizizi inakata kona. Ripa hulipasua lile tabaka pale tu mbegu inapokaa.

Lakini tusidanganyane. Bila plau, magugu ya miaka ya mwanzo ni mengi, na anayeshika jembe ni mama. Mkulima wa huku ana mashine kubwa ya kupulizia dawa. Mama ana mgongo wake. Tukisema tumeokoa hela ya trekta halafu tukaiweka kwenye akiba yetu, hatujaokoa chochote, tumemtwika yeye. Hela ile itumwe mara mbili: ya ripa na mbegu kabla ya mvua, na iliyobaki wiki ya tatu hivi baada ya mahindi kuota, vibarua wa palizi walipwe. Ukituma yote pamoja, ya palizi itaishia kwenye ada au msiba, si unajua nyumbani.

Na kama ng'ombe wa kijiji huingizwa shambani baada ya mavuno wakamaliza mabua yote, acha kwanza. Ardhi itabaki tupu na ngumu, afadhali ulipe trekta, nusu kabla na nusu kazi ikiisha. Wenye uzio waanze na nusu ekari karibu na nyumba, msimu mmoja, mama aone mwenyewe ndipo aseme kama tuendelee.