Kamera ya Laki Mbili Haioni Pembe ya Chumba

Kazi yangu ni kuandika programu, si kupiga picha, kwa hivyo kwa muda mrefu nimenyamaza kuhusu kamera. Lakini natunza tovuti ya mawakala wa nyumba, na kila picha inayopandishwa huko naiona kabla mnunuzi hajaiona. Nimechoka. Leo nisikilizeni hata kama mtanikasirikia.

Wiki iliyopita broka mmoja kijana wa Kitengela alinijia uso umemkunjamana. Alikuwa amekopa kwenye chama chao, akaenda duka moja la kamera hapa Nairobi, na muuzaji akamhakikishia kwamba bila kamera ya fulfremu nyumba haziuziki. Akatoa zaidi ya laki mbili. Ndani ya boksi mlikuwa na kamera na lenzi ya 28-70mm. Akaniuliza, "Mkubwa, mbona sebule bado inatoka nusu?"

Jibu ni hesabu ya kidato cha pili. Simama kwenye kona ya chumba chochote cha kawaida. Kuta mbili zinazokutana mgongoni mwako zinafanya pembe ya nyuzi 90, na ukitaka zote mbili zionekane pichani, lenzi yako lazima ione nyuzi 90. Lenzi ya 28mm kwenye fulfremu huona kama nyuzi 65 kwa upana. Basi! Hakuna kihisi kikubwa kitakachoongeza nyuzi 25 zilizobaki. Na sasa cheka kidogo: lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera ndogo ya Canon huona kama nyuzi 64. Yaani kijana wa watu ameingia deni apate nyuzi moja.

Kwa hivyo nasema wazi, anayekushauri uanze na bodi ya kamera anakuuzia bodi. Anza na lenzi. Canon walitoa EF-S 10-18mm mwaka 2014, lenzi ya plastiki, nyepesi, isiyo na sifa yoyote ya kujivunia harusini. Ikiwa kwenye 10mm inaona takribani nyuzi 96. Kona yako imetosha na inabaki. Nikon wana yao ya 10-20mm ya mwaka 2017, lakini hiyo ni ya aina ya AF-P, na bodi za zamani kama D40 haziielewi, kwa hivyo hakikisha kabla ya kutoa pesa.

Mimi nilinunua Canon 700D iliyotumika kwa shilingi 28,000, lenzi hiyo ya 10-18mm nayo iliyotumika kwa 19,000, na stendi ya miguu mitatu kwa 4,500. Jumla 51,500. Kama robo ya deni la yule kijana.

Najua mtakachosema. "Lakini fulfremu ni nzuri gizani!" Ni kweli kabisa, ukipiga watu wakicheza densi. Kochi halichezi. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100, f/8, washa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise, na uache shata wazi hata sekunde nzima. Giza limeisha. "Megapikseli je?" Tovuti yangu hupunguza kila picha hadi pikseli 1600 kwa 1067, ambazo hazifiki milioni 2. 700D ina milioni 18. Zilizobaki zote huwa natupa mimi, kwa msimbo wa mistari michache, bila huruma.

Tatizo kubwa la nyumba zetu ni dirisha. Saa sita mchana jua la hapa linafanya dirisha kuwa shuka jeupe na jikoni kuwa pango. 700D inaweza kupiga picha tatu mfululizo, moja ya kawaida, moja nyeusi, moja nyangavu, kisha unaziunganisha kwa Enfuse, ambayo ni ya bure. Hapa ndipo bodi inapohusika kidogo: Nikon za mfululizo wa D3000 hadi D3500 hazina uwezo huo wa kupiga tatu zenyewe, unabadilisha kwa mkono. Kwa upande mwingine, Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara ambazo shata imefanya kazi, na exiftool itakusomea, wakati Canon za daraja hili hazikwambii. Ukinunua kamera ya mitumba jambo hilo si dogo.

Na simu? Kwa bedsita ya kukodisha, simu kwenye stendi inatosha, sitabishana. Kwa nyumba ya mamilioni, ile lenzi pana ya simu hunitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Huvuta kila kitu kilicho pembeni. Nimeona kitanda cha futi nne kikigeuka uwanja. Mwaka jana mama mmoja anayefanya kazi Doha alilipa amana ya nyumba kwa kuamini picha zilizokuwa kwenye tovuti yangu. Aliposhuka na kuingia chumba cha kulala, kabati halikufunguka mlango wote kwa sababu ya kitanda. Broka hakushika simu. Aliyepigiwa ni mimi.

Lenzi ya 10mm nayo inaweza kudanganya vilevile, msidhani nimeisahau. Mimi hutumia 10mm kwenye bafu na kona zilizobana tu, kwingine 12 au 14. Kamera iwe kimo cha kifua, sawasawa kabisa, isiiname, la sivyo kuta zitaanguka kama za mlevi.

Tangu yule mama, fomu yangu haikubali picha ya chumba bila urefu na upana wake kwa mita. Mawakala wawili wamehama kwa hasira. Yule kijana wa Kitengela anatafuta mtu wa kuinunua fulfremu yake, na nimemwazima 10-18mm na bodi yangu hadi mwisho wa mwezi.