Mawe ya tangi la matumbawe hayabadilishwi kwa siku moja

KATIKA biashara ya samaki wa mapambo, hakuna bidhaa inayodharauliwa kama jiwe. Mteja hutazama samaki, husifu rangi za matumbawe, kisha huuliza bei ya taa na pampu. Jiwe huonekana kuwa pambo tu, la kutolewa na kuwekwa jingine pindi mwenye tangi anapochoka na sura yake.

Hapo ndipo hasara huanza. Tangi la maji ya bahari lililokaa miaka mitatu au minne likiwa na samaki na matumbawe hai huendeshwa na mawe yake. Samaki hula na kutoa uchafu, na uchafu huo huzalisha amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Ndani ya vitundu vya jiwe huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali kama hayo. Bakteria hao ndio vibarua wa tangi. Anayetoa mawe yote kwa mkupuo amefukuza vibarua wake asubuhi, huku samaki wakiendelea kula mchana.

Mkulima hatashangazwa na jambo hili. Akikwangua udongo wa juu uliokolea samadi kwa miaka mingi na kumwaga kifusi mahali pake, shamba litabaki na ukubwa ule ule lakini mavuno hayatakuwa yale yale.

Hii haina maana kwamba mawe ya zamani yasiguswe. Mengine huziba kwa uchafu, mengine huanza kutoa fosfeti inayolisha magugu ya majini, na mengine huvamiwa na viumbe waharibifu. Sababu za kuyabadilisha zipo. Kosa ni kuyabadilisha kwa pupa.

Wapo wauzaji wanaoshauri kazi yote imalizwe siku moja. Hoja yao ni kwamba kuyasumbua matumbawe mara moja ni afadhali kuliko kuyasumbua mara nne. Hoja hiyo ina uzito, lakini inafaa pale tu mawe mapya yanapokuwa yamekwisha kuiva katika chombo kingine. Tumbawe lililohamishwa vizuri hupona, bali samaki aliyeungua mashavu kwa amonia mara nyingi haponi.

Njia ya salama inafahamika. Mawe mapya yawekwe kwanza katika pipa safi lenye maji ya chumvi, pampu na kipasha maji. Maji yapimwe mara kwa mara mpaka amonia na nitriti zifike sifuri, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Jiwe kavu lisilo na uhai liwekewe kipande cha jiwe la zamani, kama hamira katika unga. Ikiwa jiwe la zamani lina viumbe waharibifu, hamira hiyo isitoke humo. Itumike chupa ya bakteria wanaouzwa madukani. Baada ya hapo robo ya mawe itolewe, robo iingizwe, na maji yapimwe kabla ya kuendelea. Mchanga usivurugwe, kwani uchafu uliolala chini ukitibuka unaweza kuleta msiba ule ule uliokuwa ukikwepwa.

Jambo moja lisifanywe kabisa, nalo ni kuchemsha mawe ili kuua viumbe waliomo. Baadhi ya viumbe wa jamii ya matumbawe laini hubeba sumu kali iitwayo palitoksini, na watu wamewahi kulazwa hospitalini baada ya kuvuta mvuke wake. Okoa ya samaki isiwe maafa ya watoto wa nyumba.

Kwamba jiwe ni mali inayohitaji muda, wenzetu wa Florida, Marekani, walijifunza zamani. Uchukuaji wa mawe hai ya asili katika maji ya jimbo hilo ulipigwa marufuku mwaka 1989, na ule wa maji ya serikali kuu ukakoma mwaka 1997. Biashara haikufa. Wafanyabiashara walikodi vipande vya sakafu ya bahari, wakazamisha mawe ya chokaa kutoka machimbo ya nchi kavu, wakasubiri viumbe wa baharini wayajaze, kisha wakavuna. Sheria inataka jiwe la shambani lijulikane wazi kuwa si la asili ya pale, ili asitokee mjanja wa kuvuna asichopanda.

Fundisho hilo linaihusu pwani ya Afrika Mashariki, ambako matumbawe yamechimbwa kwa muda mrefu na kuchomwa chokaa, Mafia na Mtwara zikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Gunia la chokaa huisha kwa ukuta mmoja, lakini mwamba uliobomolewa haurudi msimu ujao. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, walioanza kilimo hicho cha biashara mwaka 1989, wamekwisha kuonyesha kwamba bahari hulimika na kuvunwa bila kung'olewa.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hesabu ni nyepesi. Anayemuuzia mteja mzigo mzima wa mawe mabichi hupata faida leo na kumpoteza mteja wiki mbili baadaye, samaki wakishakufa. Anayeiivisha bidhaa yake kabla ya kuiuza, na kumwambia mteja asubiri, atauza robo leo na atamwona tena mara tatu. Haraka haraka haina baraka, na katika tangi la samaki laana yake huonekana upesi.