Kura ya mama inahama, matibabu yake hayahami

Vijana wenzangu, mwaka jana nilimhamisha mama kutoka Kigoma kuja kwangu Dar. Ana miaka 74, presha na sukari. Kule alikuwa na kitambulisho cha wazee cha matibabu bure, chenye muhuri wa halmashauri. Hapa dirishani tukaambiwa: "Bibi, hiki ni cha huko kwenu." Eti tuanze upya: barua ya serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, ustawi wa jamii. Dawa tukanunua wenyewe.

Hivi, Kigoma ni nchi nyingine? Sera ya Afya ya 2007 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Mzee ni mzee Kigoma, ni mzee Mbagala. Mbona daftari la wapiga kura lilipoboreshwa, taarifa zake zilihamishwa siku hiyohiyo? Kura inahama, dawa haihami!

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Tunadai jambo moja: mzee asajiliwe mara moja kwa namba ya NIDA, atibiwe popote Tanzania. Msituambie tusubiri. Presha haisubiri.