Tahadhari: Mstari wa Mwendokasi Ukishachorwa, Hutaulizwa Tena

Wakazi wa Tabata, Segerea, Buguruni na kandokando ya Barabara ya Mandela, maneno haya ni yenu kwanza. Awamu ya tano ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam imepangwa kupita kwenu. Wa Tegeta, Mwenge na Gongo la Mboto nanyi sogeeni: awamu zenu zimekwisha kuingia barabarani, lakini ndani yake bado kuna mengi yanayoweza kurekebishwa. Na walioko Dodoma, Mwanza, Arusha na Mbeya msiseme haya ni ya Dar es Salaam. Miji yenu inakua, na siku mtakapotaka mabasi ya haraka, mfano utakaofunguliwa mezani ni huu wa Dar.

Ninachowatahadharisha si mwendokasi wenyewe. Mji wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 hauwezi kubebwa na magari binafsi. Awamu ya kwanza, kilometa 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016, ikawarudishia watu wengi saa walizokuwa wakizimaliza kwenye foleni, na mwaka 2018 ikaliletea jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Sifa hizo ni za haki. Hofu yangu ni namna maamuzi yanavyofikiwa: nani anaulizwa, anaulizwa lini, na jibu lake linapelekwa wapi. Kasoro ya awamu ya kwanza ilikuwa hapo, na dalili zote zinaonyesha kwamba tunaibeba kwenda nayo mbele.

Tazama Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Desemba 2011 mto huo ulifurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini, na Serikali ikawahamishia Mabwepande familia zilizokuwa zikiishi bondeni. Ujumbe ulikuwa wazi: bonde lile si mahali pa kulala mtu. Miaka michache baadaye, katika bonde lile lile, ikajengwa karakana kuu ya mabasi ya mwendokasi. Mvua kubwa zikaja kama zinavyokuja siku zote. Maji yakaingia karakana, yakaharibu mabasi, na mara kwa mara Barabara ya Morogoro ikafungwa pale daraja la Jangwani. Mradi mzima ukakatika kiunoni: wa Kimara hafiki Kariakoo, na wa Kivukoni harudi nyumbani. Mzee yeyote aliyelima mchicha bondeni angeonyesha kwa kidole maji yanapofika, masika ya kawaida yanafika hapa, ya mwaka mbaya yanafika pale. Ujuzi huo ulikuwepo, bila malipo, hatua chache tu kutoka eneo la ujenzi, na kilichojengwa hakionyeshi kwamba ulisikilizwa. Leo tunajenga daraja jipya la Jangwani na kupanga kuihamisha karakana, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ni mkopo. Anayelipa mara ya pili ni yule yule aliyekwama mara ya kwanza.

Na hapo hapo Msimbazi tunao ushahidi kwamba inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2018 mpango wa kuendeleza bonde hilo uliandaliwa kwa vikao vya miezi kadhaa, vilivyowakalisha wahandisi, maofisa wa manispaa na wakazi wa bondeni mbele ya ramani moja. Kabla yake, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata mbalimbali wakachora mitaro, vichochoro na maeneo yanayofurika. Kwa hiyo asisimame mtu akasema wananchi wa kawaida hawaelewi ramani. Wamezichora wao.

Sasa nizungumzie muda, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Mradi wa barabara una hatua zake. Wakati wa upembuzi yakinifu, njia nzima inaweza kuhamishwa kutoka mtaa huu kwenda ule. Ikifika usanifu wa kina, njia imeganda, lakini kituo bado kinaweza kusogezwa, kivuko kuongezwa, mtaro kupanuliwa. Mkandarasi akishasaini mkataba, kila badiliko linageuka madai ya fedha na siku za nyongeza, na hakuna mkurugenzi anayetaka kuyasikia. Mikutano mingi ya wananchi huitishwa katika hatua hiyo ya mwisho, au karibu nayo. Mnaelezwa mradi, mnapewa nafasi ya maswali, majina na saini zinachukuliwa, soda zinagawiwa. Baadaye karatasi ile ya mahudhurio inaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Saini yako ya kufika mkutanoni inasomwa kama saini ya kukubali.

Kisha angalia nani anafika. Mkutano wa saa nne asubuhi, siku ya kazi, unawapata wastaafu na wenye nyumba wanaohofia fidia. Hao wana haki kamili ya kusikilizwa. Lakini mpangaji wa chumba kimoja, konda, fundi, dada wa kazi za ndani na mama anayeuza samaki hawapo, na ndio wanaotegemea usafiri wa umma kila siku ya Mungu.

Mfuate huyo mama wa samaki, maana safari yake inaeleza mengi. Saa kumi alfajiri anatoka Tandale kwenda Feri kununua. Anarudi na ndoo, anapita kumwandaa mtoto wa shule, anakwenda kukaanga, jioni anauza mtaani, na katikati ya hayo huenda akampeleka mgonjwa hospitali ya Mwananyamala. Safari zake ni fupi, nyingi, zinakatiza mji kwa upande, na zina mzigo. Njia za mwendokasi zimechorwa kama vijiti vya mwamvuli, nyingi zinaelekea katikati ya mji, kwa mtu anayetoka nyumbani asubuhi na mkoba mkononi na kurudi jioni. Kituo cha Kivukoni kiko jirani kabisa na soko la samaki la Feri, lakini ndani ya basi lililojaa mpaka mlangoni hakuna mahali pa ndoo inayodondosha maji. Mama huyo anaendelea na bajaji au bodaboda, analipa zaidi ya karani wa ofisini anayekwenda umbali ule ule. Mpango wowote ambao haukumhesabu yeye umepanga nusu ya mji. Nasema hivi bila kusita.

Wala tusidhani kelele za wananchi ni kupoteza muda. Januari 2016, kabla huduma haijaanza, mwendeshaji alipendekeza nauli ya shilingi 1,200 kwa njia kuu. Watu walipaza sauti, Serikali ikalikataa pendekezo, na huduma ilipoanza nauli ikawa 650, mabasi mlishi 400, wanafunzi 200. Fikiria familia ya abiria wanne na tofauti hiyo kwa mwezi mmoja. Lakini nauli ilikuwa jambo lililoonekana. Yale yasiyoonekana yalipita kimya: mfumo uliokadiriwa kuhitaji mabasi 305 ulianza na 140, chini ya mtoa huduma wa mpito, na mpito ukarefuka mwaka baada ya mwaka. Daladala za njia ile zilikwisha kuondolewa. Aliyezoea kupanda gari moja kutoka Mbezi hadi Kariakoo alilazimika kushuka Kimara na kugombea upya. Mjamzito, mzee, na kijana wa kiti mwendo ambaye kituo kimemjengea njia ya mteremko, wote wanashindwa pale pale mlangoni, kwa sababu basi limejaa.

Mbagala waliona upande mwingine wa uhaba huo wa mabasi. Njia ya zege ya Barabara ya Kilwa, ya awamu ya pili, ilikamilika na vituo vyake vikasimama vitupu kwa muda mrefu; mabasi yakaja Oktoba 2025. Watu walipita kando ya vituo hivyo kila siku wakienda kugombea daladala.

Kuna la kuvuka barabara pia, na hili naliomba mlitilie mkazo kuliko mengine. Mtoto wa shule anayevuka Barabara ya Morogoro anavuka magari ya upande mmoja, kisha njia za mabasi, kisha magari ya upande wa pili, na katika njia za mabasi huchomoza bodaboda zilizochepuka foleni. Kivuko kikiwa mbali, watu hawatembei hadi huko. Wanaruka hapo hapo wanapohitaji kuvuka, penye shule, msikiti, kanisa, gulio. Wakazi wanajua mahali hapo. Mchoro uliotengenezwa kwa kuhesabu magari peke yake haupajui.

Halafu nyumba. Mwaka 2017, kwa ajili ya kupanua Barabara hiyo ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha, nyumba nyingi zilizopigwa alama ya X zilibomolewa kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wengi hawakupata fidia. Ng'ambo ya mpaka, Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia Kibera jijini Nairobi kufungua barabara, yakawaacha watu wapatao 30,000 bila makazi, wakati makubaliano ya kuwaorodhesha na kuwapangia makazi mapya yalikuwa bado yanatekelezwa. Shule zilibomolewa pia. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake ya 2010, ibara ya 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Maandishi mazuri peke yake hayakulizuia tingatinga hata asubuhi moja.

Sisi tunayo maandishi yetu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwakutanishe wadau wa eneo, wakiwamo wamiliki wa ardhi na vikundi vya jamii, inapoandaa mpango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari na maoni ya umma, na kanuni zake za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Kwa hiyo mkiletewa kitabu kinene cha Kiingereza mkaambiwa kila kitu kimo humo, dai muhtasari huo. Wasipoutoa, wao ndio waliokiuka utaratibu, si nyinyi mnaochelewesha maendeleo. Neno hilo, kuchelewesha maendeleo, limewanyamazisha watu wengi mno mikutanoni. Msilikubali.

Cha kufanya kisisubiri mkandarasi. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize mradi uko hatua gani: upembuzi, usanifu au mkataba. Mwenyekiti asipojua, aandike barua kwa mtendaji wa kata na nakala kwa diwani. Ombeni mchoro wa mtaa wenu kwa ukubwa unaosomeka, wenye majina ya mitaa na vichochoro, ubandikwe ukutani mahali watu wanapopita. Ombeni mikutano ya jioni na ya Jumapili, na mingine ifanyike vituoni, kwa abiria wenyewe. Wanawake wapate kikao chao, kwa sababu habari za kushikwashikwa ndani ya basi lililojaa hazisemwi mbele ya wanaume. Watu wenye ulemavu waitwe kukijaribu kituo kabla hakijapokelewa kutoka kwa mkandarasi.

Wenye awamu zilizokwisha kuanza kujengwa, elekezeni nguvu kwenye yale ambayo zege halijayafunga: mabasi mlishi yatafika wapi, daladala zipi zitaondolewa na lini, idadi ya mabasi siku ya kwanza, vivuko, taa, na mahali pa mamantilie na wachuuzi ambao leo wanawalisha abiria vituoni. Msikubali daladala hata moja iondolewe kabla basi la kuziba nafasi yake halijaonekana barabarani. Pugu, Chanika, Goba na Bunju, nyinyi mlio mwisho wa njia, ndio mtakaoumizwa zaidi na kosa hilo, kwa sababu kwenu kukosa gari hakumaanishi kutembea dakika kumi.

Kwa wahandisi na maofisa wetu, ambao wengi ni watu wa nia njema na wanafanya kazi kwa haraka wasiyoipanga wao: pandeni mabasi hayo wiki nzima, saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni, kabla hamjachora. Na mkipokea maoni, rudini mkaeleze yapi mmeyachukua, yapi mmeyaacha, na kwa sababu gani. Mkutano wa pili wa namna hiyo ni nadra sana, na watu wanaungoja.

Wakopeshaji wakubwa, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wao, hudai kila mradi uwe na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko. Utumieni. Lalamiko la mdomo kwa msimamizi wa kokoto halihesabiki. Liandike, taja mtaa na mahali penyewe, weka tarehe, lipeleke ofisini, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uitunze.